Shajara ya mradi: Crown Athlete ya 2006, Moshi. Tunapima kwanza, spea baadaye

Kuanza

Wakuu habari za Moshi. Nimeamua kuandika huu mradi hatua kwa hatua kwa sababu kila nikisimama na hii gari, iwe sheli iwe pale Bonite, lazima mtu anisogelee na maswali yaleyale, je inachemsha, je inakula mafuta, je ni kweli hizi injini ni kimeo, afu mwingine anakwambia uza haraka kabla haijakufia. Mi hii gari naipenda toka kwenye roho na naamini Crown nyingi huku kwetu hazifi kwa ubovu, zinakufa kwa kubahatisha. Kwaiyo hapa kila kitu kitapimwa kwanza ndo kinunuliwe.

Gari ni Toyota Crown Athlete ya 2006, ile mnayoiita Zero Crown, umbo la S180 lililoanza kutoka Japani mwishoni mwa 2003 na kwenda mpaka 2008. Chesesi inaanza na GRS180, maana yake V6 ya 2.5, injini 4GR-FSE, inasukuma kwa nyuma. Ukikuta GRS181 ni injini hiyohiyo ila inavuta miguu yote minne, GRS182 ni 3.0 na GRS184 ni 3.5. Nimeanza na hilo makusudi, maana mtu anaingia dukani anasema "mangi nipe pampu ya maji ya Crown" basi, hajataja chesesi wala injini, anapewa kitu kinachofanana, wanakilazimisha, wiki mbili tena yuko palepale kaunta wanabishana. Piga picha kile kibandiko cha gari kiwe kwenye simu yako muda wote.

Historia fupi. Ilikuwa ya mjomba. Siku moja anapanda Marangu ikachemsha, ikavutwa mpaka nyumbani Rau, wakaja mafundi tofauti tofauti kila mmoja na lake. Nilipoikuta imesimama kwenye majani hali ilikuwa hivi: themostati imetolewa, kwenye rejeta kuna maji matupu yenye rangi ya kutu, oili ni ile nzito ya 20W-50, koili (zile zinazopeleka moto kwenye plagi) zimechanganywa za aina tatu, taa ya cheki injini inawaka na ikiwa sailensa (injini inawaka ila hujakanyaga mafuta) gari nzima inatetemeka mpaka usukani. Mjomba aliniambia "mwanangu chukua tu, mimi nimeshaimaliza pensheni hapo". Nikamwambia mjomba wewe tulia, hii itakupeleka tena Marangu.

Upoozaji, sehemu niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote

Swali namba moja la watu wa huku: nitoe themostati ili isichemshe? Jibu langu ni HAPANA na nitaeleza kwa nini, maana hili ndo limeua gari nyingi.

Themostati ni kidude kinachofunga njia ya maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwenye hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inakuwa ya baridi isivyotakiwa. Nilichomeka kile kipimo kidogo cha OBD cha blutuu, kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu, nikawasha na kuzunguka asubuhi kutoka Rau mpaka KCMC na kurudi, joto la maji halikufika hata 70. Sasa kompyuta ya gari ikiona injini ya baridi inafikiri ndo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, kwaiyo gari inakula mafuta, masizi yanaongezeka, oili inachanganyika na petroli. Afu bado kwenye mlima mrefu itachemsha vilevile kwa sababu tatizo lenyewe hujaligusa, umetoa tu kidude kilichokuwa kinafanya kazi yake.

Tatizo lenyewe tulilipata kwa kupima presha. Mzee wangu wa Njoro (fundi niliyekua namwona toka niko shule, na ndo ninayemwamini) ana ile pampu ya mkono inayokaa badala ya kifuniko cha rejeta. Tukapampu, tukaacha, mshale ukashuka taratibu. Tukamulika tochi, pembeni ya pampu ya maji kuna ukoko wa pinki umekauka. Mzee akasema "kijana wangu, hii pampu imeanza kulia zamani, hakuna aliyeitazama". Huo ukoko wa pinki ndo kulanti ya Toyota iliyovuja kidogo kidogo ikakauka, injini za familia ya GR zinajulikana kwa hilo, pampu inavuja kupitia kitundu chake muda mrefu kabla hujaona tone chini. Kwaiyo wewe mwenye Crown au Mark X, chukua tochi kesho asubuhi, angalia hapo.

La pili ni kifuniko cha rejeta. Hapa naomba mnielewe vizuri sisi tunaokaa milimani. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Moshi mjini tupo mita 800 na kitu juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 97 hivi, Arusha iliyo kama mita 1,400 ni 95, na geti la Marangu, lililo juu ya mita 1,800, ni karibu 94 tu. Kinachookoa gari ni presha. Kifuniko kizima cha hizi gari kinashika presha ya kama 108 kPa juu ya hewa ya nje, na hiyo inasukuma kiwango cha kuchemka mpaka karibu 120 hata huku kwetu. Cha mjomba kilikuwa na mpira uliopasuka, hakishiki kitu. Maana yake gari ilikuwa inapanda Marangu na maji matupu yasiyo na presha, injini ikifika tu 95, joto ambalo kwa gari nzima ni la kawaida kabisa, maji tayari yanatokota. Kifuniko! Kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hii gari.

La tatu tulitoa shoo ya mbele tukakuta kati ya kondensa ya AC na rejeta kumejaa vumbi, mbegu za majani na wadudu, limekuwa kama blanketi. Huwezi kuliona ukiwa umesimama mbele ya gari, lazima utenganishe. Tuliosha na maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kuja mbele, sio presha ya kuoshea malori, ile inakunja mapezi.

Tukafunga pampu mpya (sio mtumba, pampu ya maji na beringi zake siwezi kununua mtumba hata kidogo), themostati mpya, kifuniko kipya, tukasafisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, tukaweka kulanti ya pinki. Maji ya bomba yana madini na hayazuii kutu, huo uchafu wa rangi ya chai tuliomwaga ulikuwa ushahidi tosha. Ukinunua kulanti isiyochanganywa changanya na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Afu toa hewa: hita iwe moto mwisho, kifuniko wazi, injini sailensa mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Watu wengi wanabadilisha pampu vizuri afu wanaacha hewa ndani, gari inachemsha, fundi anatukanwa.

Oili

Hapa nitapita haraka. Walioweka 20W-50 walikuwa na nia njema, walisema injini imechoka na huku kuna joto. Ila hii injini ina VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) pande zote, gia za kamshafti zinazungushwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo, oili nzito inachelewa kufika. Asubuhi ukiwasha ilikuwa inakwaruza "krrr" kidogo afu inatulia. Tumemwaga, tumeweka 5W-30 sintetiki, inachukua lita sita na kidogo ukibadilisha na filta. Filta yake ni ile ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe, kuna oringi lazima ibadilishwe kila mara, usikubali ya zamani irudi. Mkwaruzo umepungua sana, haujaisha wote, kwaiyo gia za VVT-i tutazisikiliza.

Swali lililoambatana na hili: mbona injini inatoa sauti ya tiki tiki tiki hata ikiwa nzima? Hiyo ni D4, petroli inasukumwa na pampu ya presha kubwa inayoendeshwa na kamshafti na injekta zinapiga moja kwa moja ndani ya silinda. Zina sauti. Ukisikia mlio mwepesi wa haraka unaofuata mzunguko wa injini usikimbilie kufungua tapeti kava. Wengi wetu masikio yetu yamekua na GX100 na GX110, zile injini za mstari zilikuwa kimya, hii ni kizazi kingine.

Kupiga misi na ile kaboni

Sasa tuje kwenye mtetemo. Kipimo kilisoma P0300 na P0303, maana yake inapiga misi, yaani silinda zinaruka kuwaka, kwa ujumla na hasa silinda ya tatu. Kwenye hii injini 1, 3, 5 ziko upande wa dereva, 2, 4, 6 upande wa abiria. Mafundi waliopita walikuwa wakisoma code wananunua koili. Ndo maana zilikuwa za aina tatu.

Njia yenyewe haihitaji hela. Ile koili ya silinda ya tatu niliipeleka ya tano, ya tano nikaileta ya tatu, nikafuta code, nikaendesha. Kama koili ndo mbovu tatizo lingehamia ya tano na ningeona P0305. Halikuhama. Nikafanya hivyohivyo kwa plagi, halikuhama. Tukapima kompresheni silinda zote sita, zikakaribiana vizuri tu, hapo nilishusha pumzi maana ringi na vali zenyewe zipo salama. Tukapuliza moshi kwenye njia ya hewa kuona kama inavuta hewa pembeni, hamna. Kilichobaki ni kaboni kwenye vali za kuingiza hewa.

Nieleze kwa wasiojua. Kwenye injini za zamani injekta inapulizia petroli nyuma ya vali, kwaiyo kila siku petroli inaziosha. Kwenye 4GR-FSE petroli inaingia silinda moja kwa moja, haipiti kwenye vali kabisa. Ila mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa, unagusa vali za moto, unakauka, tabaka juu ya tabaka. Sio ugonjwa wa Moshi huu wala wa petroli ya Tanzania. Lexus IS250 ina injini hiyohiyo, na huko Marekani wenye IS250 walilalamika sana kuhusu kaboni, ikafika hatua injini nyingine zikabadilishiwa mpaka pistoni na ringi. Kwenye 3.5, yaani 2GR-FSE, Toyota waliweka injekta mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja kwenye njia ya hewa, vali zinaoshwa, ndo maana zile hazisumbui hivi.

Na hapa ndo utaona ule mchezo wa kutoa themostati unavyokula gari kwa mlango wa nyuma. Injini ya baridi inatoa masizi zaidi na mvuke mchafu zaidi, vyote vinaelekea kwenye vali.

Tukafungua. Kwanza kutoa presha ya petroli, hii sio ya kufanya mzaha, mfumo wa D4 una presha kubwa mno, ukilegeza paipu gari ikiwa imetoka kuzimwa unaweza kuumia vibaya. Tukatoa throto bodi, tukatoa manifoldi ya hewa. Jamani. Vali ya silinda ya tatu mashina yake yalikuwa meusi yamevimba, nafasi ya hewa kupita imebaki finyu. Mzee akakaa kimya akaangalia kwa muda akasema "sasa hapa koili ingefanya nini?"

Wenzetu wanapuliza kwa unga wa maganda ya jozi, sisi hicho hatuna. Tulichofanya: unazungusha krenki kwa mkono mpaka vali za silinda unayotaka zifunge kabisa, na hapo lazima uwe na uhakika, maana uchafu ukiangukia ndani ya silinda umeharibu zaidi ya ulivyokuta. Unajaza dawa ya kuyeyusha kaboni, unaacha, unasugua kwa brashi ya nailoni na kijiti cha plastiki, unanyonya kwa vakyumu, unarudia. Silinda moja moja, bila haraka. Kijana wa pale gereji aliniambia "kaka, tutumie bisibisi itaenda faster", nikamwambia hapana mdogo wangu, chuma kikikwaruza kiti cha vali hatuna hedi nyingine. Ilikula wikendi na jioni kadhaa.

Wakati wa kurudisha: gasketi mpya za manifoldi, PCV mpya (hii ndo inayorudisha ule mvuke, ikikwama mvuke unazidi), plagi sita mpya za iridiamu, koili sita za aina moja. Ndiyo, hapo koili nilinunua, kwa sababu mchanganyiko ule haukuwa na maana, ila zilinunuliwa mwisho sio mwanzo. Spea hizi zililetwa na basi kutoka Dar, na plagi nilizikagua moja moja kabla ya kumaliza kulipa, maandishi kwenye kauri, ncha nyembamba kama sindano, kwa sababu feki zipo nyingi.

Tulipopiga stata ikasita kidogo, ikashika. Sailensa ikakaa kwenye 650 hivi bila mshale kutingishika, kikombe cha maji juu ya kava hakitikisiki. Mzee alicheka mwenyewe.

Gia boksi

Watu wanauliza mbona haina dipstiki. Haina kweli, na ndo maana wengi hawabadilishi oili ya gia boksi mpaka ianze kupiga teke. Hii ni gia sita, inatumia ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) ya aina ya WS. Sio ile nyekundu ya kawaida ya kwenye dumu, naomba sana, rangi kufanana sio kitu kufanana. Kiwango kinapimwa kwa plagi ya chini gari ikiwa imenyooka, injini inawaka, umepitisha leva kwenye gia zote ukarudi P, na joto la oili liko kama nyuzi 40. Ikitiririka nyembamba afu ikaanza kudondoka matone, funga. Tulitoa ya zamani ilikuwa kahawia iliyokolea ila haina harufu ya kuungua, tukabadilisha filta na gasketi ya sampu, tukasafisha zile sumaku. Hatukusukuma kwa mashine kuondoa yote kwa mara moja, gari hatuna rekodi yake, nimechagua kumwaga na kujaza, naendesha, afu narudia. Gia ya pili kwenda ya tatu bado ina kishindo kidogo ikiwa ya baridi.

Vidogo vidogo vinavyoulizwa sana

Redio kushika vituo vichache: redio ya Japani inaishia 90, sisi tunaenda mpaka 108, fundi rewaya anakufungia kiongeza masafa, kazi ya muda mfupi. Vioo kugoma kupanda vyenyewe baada ya kutoa betri: pandisha kioo mpaka mwisho na uendelee kuvuta swichi sekunde chache, kila mlango na swichi yake. Usukani wa hii ni wa umeme, hauna haidroliki, kwaiyo betri ikichoka unaweza kuona taa ya usukani ukafikiri raki imekufa, pima betri na alteneta kwanza. Kufuta cheki injini kwa kuchomoa betri kabla ya kwenda kupimwa, acheni, mnafuta ushahidi ambao fundi angeutumia.

Marangu

Tulichagua Jumapili, mjomba mbele, mimi naendesha, AC imewashwa makusudi. Moshi, Himo, tukakunja kushoto tukaanza kupanda. Simu iko kwenye dashibodi inasoma joto: tambarare 86, 87. Juu ya Marangu Mtoni foleni ya noah na bodaboda inatulazimisha kwenda taratibu, ikafika 94, feni ikaingia, ikarudi 89. Mpaka getini ya juu kabisa niliyoiona ni 96. Kwa maji na kifuniko cha zamani hiyo 96 ilikuwa ni kusimama pembeni na kufungua boneti. Mjomba alikuwa anaangalia simu kuliko barabara, kila namba ikipanda ananishika mkono, ikishuka anaachia. Tukapaki, tukafungua boneti, hamna harufu ya kulanti, pampu kavu. Kushuka sikuzima AC wala sikutia N, niliweka gia ndogo injini ishike yenyewe, breki zikabaki salama. Hii ya kushuka na N naiona sana hiyo barabara, tafadhali waambieni vijana wenu.

Sasa hivi

Cheki injini haijarudi. Inayofuata ni miguu ya mbele: bushi za lowa amu zimepasuka pande zote, boljointi ya kushoto ina mchezo, stabilaiza linki zinagonga ukipita matuta ya kwenda Uru. Wengi wananishauri niinue kwa spesa kwa sababu ya barabara. Nimepima, sampu gadi ya bati zito inanitosha, na spesa ndefu inalazimisha boljointi na shafti zikae kwenye pembe ambayo hazikutengenezewa, kwaiyo siinui. Bushi nimeagiza kwa namba ya chesesi, shokapu tutazipima zikiwa zimetolewa, na alaimenti itafanywa baada ya hivyo vyote kufungwa, Arusha, kwa mashine ya kompyuta, kwa sababu ukifanya alaimenti na bushi mbovu umelipia kazi itakayopotea kwenye tuta la kwanza. Nitaandika vipimo vya kabla na baada nikirudi. Mwenye GRS180 anayepiga misi aje na code na aniambie kama ameshahamisha koili, tuanzie hapo.